Machiavelli, Hobbes, Locke au Mill: uanze na nani?

Binti wa dada yangu yuko mwaka wa pili wa sheria. Majuzi alinitumia picha ya meza ya muuza vitabu vya mitumba: vitabu vinne vimelazwa chali, kingo zimepauka kwa jua, kimoja jalada lake limeshikiliwa kwa selotepu. Chini ya picha ameandika: "Shikamoo mjomba. Tumepewa insha kuhusu mamlaka, maadili na uhuru wa mtu katika fikra za Ulaya. Hela yangu ni ya kimoja tu. Nichukue kipi?"

Sikumjibu papo hapo. Ningejibu haraka ningemtajia ninachokipenda mimi, naye angeondoka na mapenzi yangu huku swali lake limebaki palepale. Tena hayuko peke yake. Nimekutana na wasomaji wengi waliosimama kwenye njia panda hiyo hiyo, wanayasikia majina makubwa lakini hawajui waingilie wapi. Ndiyo maana nimekaa nikavilinganisha.

Vitabu vyenyewe ni hivi. Mwanamfalme cha Niccolò Machiavelli wa Firenze, Italia, alichokiandika 1513. Leviathan cha Mwingereza Thomas Hobbes, 1651. Risala ya Pili ya Utawala ya John Locke, Mwingereza pia, iliyotoka mwishoni mwa 1689. Na Juu ya Uhuru cha John Stuart Mill, 1859. Jean-Jacques Rousseau hakuwapo mezani, nami sitamgusa juu juu. Kitabu chake cha 1762 kuhusu mkataba wa jamii kinataka mazungumzo yake peke yake.

Vigezo

Nimetumia vigezo vitano kwa wote wanne. Mwandishi anaogopa nini kuliko vyote? Kwake mamlaka yanatoka wapi? Mtawala anabanwa na maadili gani? Mtu mmoja mmoja anabaki na nini mkononi? Na kitabu chenyewe kinasomekaje kwa mtu mwenye shughuli zake?

Cha kwanza nakipa uzito kuliko vingine. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeandika akiwa amekaa kivulini kwa raha zake. Mmoja aliteswa. Mwingine alikimbia nchi. Wa tatu alikimbia na akaficha jina lake. Wa nne alichapisha miezi michache tu baada ya kumzika mkewe. Ukijua kilichomuuma mtu utaelewa kwa nini amejenga hoja yake namna ile, hata kama mwishowe utaikataa.

Anaogopa nini

Machiavelli anaogopa dola kuanguka. Kwa miaka 14, tangu 1498, alikuwa katibu katika serikali ya jamhuri ya Firenze, akitumwa huku na huko kwa wafalme na mapapa. Mwaka 1512 ukoo wa Medici ukarudi madarakani ukisaidiwa na majeshi ya Hispania, jamhuri ikafa, naye akafukuzwa kazi. Februari 1513 alikamatwa kwa kushukiwa njama. Alifungwa mikono kwa nyuma, akavutwa juu kwa kamba, akaachiwa ghafla aning'inie, kisha akavutwa tena. Hakukiri. Machi akatolewa kwa msamaha uliotangazwa baada ya mtu wa ukoo huo huo wa Medici kuchaguliwa kuwa Papa, akaenda kuishi shambani kwake Sant'Andrea in Percussina, nje kidogo ya mji.

Barua aliyomwandikia rafiki yake Francesco Vettori tarehe 10 Desemba 1513 inaonyesha maisha yake ya huko. Mchana anategea ndege, anasimamia wakata kuni, kisha anashinda kwenye nyumba ya wageni akicheza karata na mchinja nyama, msaga unga na wachoma tanuri, wakigombania senti kwa kelele zinazosikika hadi kijiji cha jirani. Jioni ikifika anavua mlangoni nguo zilizojaa matope, anavaa mavazi ya barazani, anaingia chumbani na kuzungumza na watu wa kale kupitia vitabu vyao. Kwa saa nne, anasema, umaskini haumtishi wala kifo. Mwanamfalme kimetoka kwenye saa nne hizo. Kitabu cha mtu aliyekuwa ndani ya serikali, akatupwa nje, na bado anatamani kurudi. Alikikabidhi kwa mtu wa ukoo uleule uliomtesa.

Hobbes anaogopa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alizaliwa Aprili 1588, Uingereza ikiwa na wasiwasi wa manowari za Hispania, na uzeeni aliandika kwamba mama yake alijifungua mapacha, yeye na hofu. Mwaka 1640 alikimbilia Paris, akakaa miaka 11. Nyuma yake, nchi ikawaka vita kuanzia 1642, na tarehe 30 Januari 1649 Mfalme Charles I akakatwa kichwa hadharani jijini London. Kwa Hobbes, mtawala mbaya ni afadhali kuliko kukosa mtawala. Pasipo dola hakuna kilimo, hakuna biashara, hakuna elimu. Kila mtu anamvizia mwenzake na maisha ni mafupi. Aliyewahi kulala na viatu miguuni akisikiliza milio ya risasi atamwelewa Hobbes kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza.

Locke anaogopa mtawala asiye na hatamu. Desemba 1683, rafiki wa upande wake wa siasa, Algernon Sidney, alikatwa kichwa London kwa uhaini. Sheria ilitaka mashahidi wawili, mwendesha mashtaka akawa na mmoja tu. Shahidi wa pili akawa ni karatasi za Sidney mwenyewe, mswada ambao haujachapishwa, uliokutwa nyumbani kwake. Mwaka huo huo Locke alikimbilia Uholanzi. Aliporudi 1689 alichapisha kitabu chake bila jina, na hakukiri wazi kuwa ni chake mpaka kwenye wosia. Ukimwona anaandika kwa tahadhari, akirudia hoja ileile mara tatu, kumbuka zile karatasi zilizosimama kizimbani.

Mill anaogopa jirani. Hili huwashangaza wengi. Anasema mtawala dhalimu tumeshajifunza kumdhibiti, lakini kuna udhalimu wa jamii yenyewe: macho, minong'ono, kutengwa, desturi inayoingia hadi rohoni. Yeye mwenyewe ulimpata. Kwa miaka 20 na zaidi urafiki wake na Harriet Taylor, mke wa mtu, ulisemwa vibarazani London nzima, hata baada ya mume kufariki na wao kuoana 1851. Harriet alifariki Avignon, Ufaransa, Novemba 1858. Kitabu walichokipitia pamoja sentensi kwa sentensi kilitoka miezi michache baadaye, kimetabarukiwa kwake, na Mill hakubadilisha tena hata neno.

Mamlaka yanatoka wapi

Hapa Machiavelli hana maneno mengi, kwa sababu swali hilo halimshughulishi. Mamlaka hutwaliwa, hushikwa, hupotezwa. Anataka kujua yametwaliwaje: kwa silaha zako mwenyewe au za kukodi, kwa bahati au kwa uwezo, kwa kuungwa mkono na wakubwa au na watu wa kawaida. Kati ya wakubwa na wananchi anashauri kuwategemea wananchi, maana wakubwa wanataka kukandamiza na wananchi wanataka tu wasikandamizwe. Kwa mtu anayeitwa mwalimu wa madhalimu, ni ushauri wa kutafakari.

Hobbes anajenga kutoka chini. Watu wote ni sawa kwa maana moja ya kutisha: hata mnyonge anaweza kumuua mwenye nguvu akiwa amelala. Kwa hofu hiyo wanaagana wao kwa wao, kila mmoja na mwenzake, kumwachia mtu mmoja au baraza moja haki ya kuamua kwa niaba yao. Angalia hapo: mtawala mwenyewe hakuingia mkataba na mtu yeyote, kwa hiyo huwezi kumwambia amevunja ahadi. Kabla hujasoma, kaa kwanza na ile picha ya mwanzo wa kitabu. Jitu lenye taji limeinuka nyuma ya vilima, upanga mkono mmoja, fimbo ya askofu mkono wa pili. Sogeza macho karibu uone kifua na mikono yake: vyote vimeundwa na watu wadogo wadogo, mamia, wamekupa kisogo wewe wakilitazama jitu usoni. Nadharia nzima iko humo.

Locke naye anaanza na mkataba, ila anaugeuza. Watu walikuwa na haki zao kabla ya serikali: uhai, uhuru na mali. Waliunda serikali ili iwalindie hizo, na ikizigeuka inakuwa imevunja dhamana. Neno hilo, dhamana, ndilo moyo wa kitabu. Sisi Waswahili wa Tanzania tunalo tayari: mwanachama wa TANU aliahidi kwamba cheo ni dhamana, na hatatumia cheo chake wala cha mtu mwingine kwa faida yake. Sidai kwamba ahadi ile ilitoka kwa Locke. Nasema tu kwamba aliyekua akiisikia atajikuta hatua chache kutoka kwenye hoja yake.

Kwa Mill swali la chanzo limeshapita. Anaandika katika nchi yenye Bunge na uchaguzi, na anauliza lingine: hata kama mamlaka ni ya watu, yaishie wapi? Watu wanaotawala si daima watu walewale wanaotawaliwa. Wahenga wetu walisema wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Mill angekaa na msemo huo usiku kucha.

Maadili ya mtawala

Jina la Machiavelli limechafuka kwa ajili ya kigezo hiki, na mwaka 1559 Kanisa Katoliki liliviweka vitabu vyake vyote kwenye orodha ya marufuku. Basi tuangalie kisa chake kimoja kwa karibu.

Cesare Borgia, mwana wa Papa, aliteka eneo la Romagna lililojaa wizi na mauaji. Akamweka pale Remirro de Orco, mtu mkali asiyepoteza muda, apewe mamlaka yote. Remirro akaleta utulivu kwa mkono wa chuma, watu wakamchukia. Cesare alipoona kazi imekwisha na chuki inaanza kumrudia yeye, asubuhi moja baada ya Krismasi ya 1502 wakazi wa Cesena waliamka wakamkuta Remirro uwanjani amekatwa vipande viwili, pembeni gogo la mbao na kisu chenye damu. Machiavelli alikuwa mjini humo siku zile, ametumwa na serikali yake. Anasema ukali wa tamasha lile uliwaacha watu wameridhika na wamepigwa bumbuwazi kwa pamoja.

Wengi husoma hapo wakahitimisha kwamba anafundisha ukatili. Mimi nasoma hivi: anatuonyesha jinsi jambo lilivyofanyika, na hapambi maneno. Hasemi uovu umekuwa wema. Anasema mtawala anayetaka kuwa mwema kila siku, katikati ya watu wasio wema, ataangamia, kwa hiyo lazima ajifunze kutokuwa mwema pale inapobidi, awe simba wa kutisha mbwa mwitu na mbweha wa kutambua mitego. Wema bado anauita wema, na uovu anauita uovu. Hilo ndilo linalouma. Ukiniuliza kama namkubali, simkubali. Lakini tangu nimsome sijawahi kusikiliza hotuba ya mwanasiasa kwa masikio yaleyale.

Hobbes ana jibu kali zaidi. Kabla ya dola hakuna langu wala lako, na hakuna dhuluma, kwa sababu hakuna sheria ya kuvunjwa. Hata hivyo akili inamwagiza mtu kutafuta amani, kutimiza ahadi, kushukuru, kusamehe. Ni maadili mema kabisa, ila hayana meno mpaka pawepo upanga wa kuyalinda. Mtawala anaweza kutenda dhambi mbele ya Mungu, lakini raia hawezi kumshtaki.

Locke anapinga hapo hapo: sheria ya Mungu na ya akili iko juu ya mfalme kama ilivyo juu ya mkulima. Ni msimamo mzuri, na umewapa nguvu watu wengi, wakiwemo waliotangaza uhuru wa Marekani 1776. Lakini nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo. Mtu huyo huyo aliweka fedha zake katika Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyowasafirisha Waafrika kutoka pwani ya magharibi kwenda utumwani. Akiwa katibu wa mabwana waliomiliki koloni la Carolina alishiriki kuandaa katiba ya 1669, yenye kifungu kinachompa kila mtu huru wa huko mamlaka kamili juu ya watumwa wake weusi. Na ukurasa wa kwanza kabisa wa risala zake unaanza kwa kuulaani utumwa! Sina namna ya kuyapatanisha hayo, na sipendi wanaoyapitia haraka haraka.

Mill anapima kila jambo kwa manufaa, ila manufaa mapana ya binadamu anayekua. Kwa sababu hiyo hataki mtawala awafanye watu wema kwa nguvu. Tabia hukomaa kwa kuchagua, kama msuli unavyokomaa kwa kazi. Naye ana doa lake. Alifanya kazi miaka 35 katika ofisi za London za kampuni iliyoitawala India, na katika sura ya kwanza ya Juu ya Uhuru anaandika kwamba kanuni yake haiwahusu watoto wala watu wa mataifa anayoyaona bado hayajakomaa. Hao, anasema, watawaliwe kimabavu alimradi lengo ni kuwaendeleza. Babu zetu wamo kwenye sentensi hiyo. Utaisoma na itakuchoma.

Mtu mmoja mmoja anabaki na nini

Kwa Machiavelli anabaki na usalama. Mtawala mwenye akili hagusi mali za raia wala wake zao, kwa sababu watu husahau kifo cha baba upesi kuliko kupokonywa urithi. Uhuru wenyewe yuko nao kwenye kitabu chake kingine, kile cha kumjadili mwanahistoria Livy, ambamo anaitetea jamhuri na kusema kelele kati ya wakubwa na wananchi ndizo zilizoifanya Roma iwe huru. Anayemhukumu kwa Mwanamfalme pekee amemsikia nusu.

Hobbes anampa mtu kila ambacho sheria haijakikataza: kununua na kuuza, kuchagua pa kuishi, kulea watoto anavyoona. Si kidogo. Na kuna kitu kimoja ambacho mtawala hawezi kukichukua kamwe, uhai. Ukihukumiwa kufa, hata kwa haki, huna wajibu wa kunyoosha shingo. Una ruhusa ya kupigana na kukimbia. Pia utii unadumu muda ambao mtawala anaweza kukulinda, akishindwa umefunguliwa. Wafuasi wa mfalme wa wakati ule hawakukipenda kifungu hicho, na nadhani walikuwa na sababu.

Locke anampa zaidi. Kila mtu anamiliki nafsi yake, jasho lake na alichokitoa ardhini kwa jasho hilo. Kodi haitozwi bila ridhaa. Imani ni ya mtu na Mungu wake, serikali isiingilie, ingawa hapo alimwacha nje asiyeamini Mungu. Na watu wana haki ya kumpinga mtawala. Hofu ya kwamba wataasi kila asubuhi anaijibu vizuri: watu huvumilia makosa mengi, husimama pale tu mfululizo wa dhuluma unapoonyesha nia moja.

Kwa Mill ningependa ukae muda mrefu. Kwetu neno uhuru lilikuja na bendera, Tanganyika 1961, Kenya 1963, na bado tukilisikia tunaona taifa. Uhuru wa Mill unaanza baada ya bendera kupanda. Unauliza: ndani ya taifa hilo huru, wewe peke yako una nafasi gani ya kuwa tofauti? Jibu lake ni kwamba jamii inaruhusiwa kukuzuia kwa sababu moja tu, kuzuia usiwadhuru wengine. Faida yako mwenyewe haitoshi kuwa sababu. Wakushauri, wakusihi, wakubembeleze, lakini wasikulazimishe.

Mfano wake maarufu ni wa mfanyabiashara wa nafaka. Kuandika gazetini kwamba wafanyabiashara wa nafaka wanawaua maskini kwa njaa, ruhusa. Kuyasema maneno hayo hayo kwa umati wenye hasira uliokusanyika nje ya nyumba ya mfanyabiashara, adhabu ni halali. Maneno hayajabadilika hata herufi; mahali na saa ndivyo vilivyobadilika. Mwanafunzi wa sheria anaweza kufanya kazi na mfano huo maisha yake yote. Wa pili ni wa daraja bovu: ukimwona mtu analikanyaga bila kujua, mshike umrudishe, kwani hataki kuanguka mtoni. Akishajua hatari yake, uamuzi ni wake.

Na hakuishia kuandika. Mwaka wa harusi yake aliandika tamko la kuzikana haki zote ambazo sheria ya wakati ule ilimpa mume juu ya mali na nafsi ya mke. Akiwa mbunge, 1867, alipendekeza katika muswada wa uchaguzi neno "mwanamume" libadilishwe kuwa "mtu", akashindwa kwa kura 73 dhidi ya 196. Kwa Kiswahili asingekuwa na haja ya kuhangaika. "Mtu" wetu hajawahi kuwa na jinsia. Na Julius Nyerere, akiwa mwanafunzi Makerere miaka ya 1940, alishinda shindano la uandishi kwa insha iliyochukua hoja za Mill juu ya wanawake na kuzipima kwa jamii yake ya Wazanaki. Kijana wa Butiama alikichukua chombo cha mtu aliyewatenga watu wake, akakitumia kwao.

Kusoma kwenyewe

Mwanamfalme kina sura 26 fupi, unaweza kukimaliza mwisho wa wiki. Kinachosumbua ni majina ya Waitalia wa karne ile. Chagua toleo lenye maelezo chini ya ukurasa, usihangaike kuyakariri. Leviathan ni mlima: sura 47 katika sehemu nne, Kiingereza cha zamani. Soma sura ya 13 hadi ya 21, ndizo zenye mkataba na uhuru wa raia. Nusu ya mwisho ni hoja za dini ambazo utazirudia ukipenda. Risala ya Pili ina sura 19, lugha yake wazi ingawa inajirudia. Ile ya kwanza, inayombomoa Robert Filmer na dai lake kwamba wafalme wamerithi mamlaka ya Adamu, iache kwa sasa. Juu ya Uhuru kina sura 5 tu, ila sentensi za Mill ni ndefu, zinapinda kama barabara ya mlimani. Soma asubuhi, kichwa kikiwa chepesi.

Kulingana na hali yako

Kama uko karibu na madaraka, umechaguliwa diwani, unaongoza chama cha ushirika, au unaandika habari za siasa na umechoka kushangazwa, chukua Machiavelli. Kisha tafuta kile kitabu chake cha jamhuri, usikae na kimoja peke yake.

Kama umetoka mahali palipovunjika, au unajiuliza kwa nini watu wenye akili timamu humpigia makofi mtawala wa mabavu, chukua Hobbes. Atakueleza hofu yao bila kuwadharau. Hamfai mtu anayetafuta silaha ya kuikosoa serikali.

Kama shughuli yako ni katiba, ardhi, kodi, haki za washtakiwa, au unataka kujua maneno mengi ya katiba za leo yametoka wapi, chukua Locke, na usome habari za Carolina siku hiyo hiyo.

Kama serikali si tatizo lako kubwa bali watu wanaokuzunguka, au unafanya kazi na maneno, gazetini, darasani, jukwaani, chukua Mill.

Kama ni insha ya kulinganisha na muda ni mchache, Hobbes na Locke wanakwenda pamoja vizuri, kwa sababu wanaanza na swali moja na kuachana njiani. Machiavelli na Mill wako mbali mno. Kuwalinganisha kunataka mkono uliozoea.

Nilipompigia simu binti wa dada yangu sikumtajia kitabu. Nilimuuliza anaogopa nini. Alinyamaza kidogo, nikasikia daladala zikipiga honi upande wake. "Mjomba, siogopi serikali," akasema. "Naogopa kikao cha ukoo. Mwezi ujao wanakaa kuamua kama niendelee na shule au niolewe kwanza."

Akanunua kile chenye selotepu, cha Mill. Nikamwambia akifika kwenye ile sentensi ya sura ya kwanza asikifunge. Apige mstari chini yake kwa penseli, aandike pembeni anachotaka kumjibu, halafu afungue ukurasa unaofuata. Na kwenye kikao tutakwenda wote.